Pigwa kwa Heshima: Mwongozo wa Gari la Kwanza

Hongera, ndugu yangu. Miaka mitatu ya kuning'inia kwenye daladala la Mbagala, kiwiko cha mtu kikiwa sikioni mwako, imekupatia milioni nane na hamu ya kushika usukani. Wapo watakaokufundisha kuchagua gari vizuri. Ni watu wachovu, hawaalikwi popote. Mimi nitakufundisha kupigwa, maana kupigwa utapigwa tu, na mtu mzima hutambulika kwa namna anavyopigwa.

1. Jiulize nani ataliona

Usianze na fedha uliyonayo. Usianze na lile korongo la njia ya kwenu. Anza na watu: jirani mwenye geti jekundu, mkuu wako wa idara, na yule mliyeachana naye mwaka juzi. Gari ni lao, wewe utaliendesha tu.

Kila utakayemuuliza atakutajia IST. Kataa kabla hajafika herufi ya tatu. Atakuambia gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 2002, injini yake ni ndogo, ya lita 1.3 au 1.5, kwa hiyo linabana mafuta. Atakuambia linatumia cheni ya timingi wala si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukukatikia Chalinze usiku. Atakuambia kila fundi wa chini ya mwembe ameshalifungua mpaka analijua kwa kupapasa, na kwamba shokabu ukizikosa Gerezani utazipata Ilala kabla jua halijazama. Sikiliza aibu hiyo! Gari ambalo vifaa vyake vinapatikana! Ukiliegesha harusini, ukitoka utazunguka nusu saa ukibonyeza rimoti kati ya mengine kumi na mawili yanayofanana nalo. Ukienda nalo ukweni, shangazi atatoka na kikapu na kukuuliza ni shilingi ngapi mpaka Tegeta.

Hapana. Chukua la silinda sita, refu, lenye viti vya manyoya: Mark II, Verossa, Brevis. Uliza kama injini ni D4. Ikiwa ni D4, mafundi wengi wa mtaani watakuna kichwa, kwa kuwa upulizaji wake wa mafuta unataka mafuta safi na fundi anayeujua. Nawe ni mtu wa kukunwa vichwa kwa ajili yako. Kuhusu mafuta usihofu. Weka ya elfu kumi, uzoee ile taa ya njano kama unavyozoea taa ya barazani. Siku za kazi panda daladala na useme gari lipo gereji. Mara nyingi itakuwa kweli. Jumamosi saa nne asubuhi lioshe nje ya geti, taratibu, huku muziki unalia.

2. Soma namba, kadi usiisome

Watanzania tuna elimu yetu ya kusoma magari kwa herufi. Namba A ni babu, namba B ni mzee, C ni mtu wa makamo, D bado kijana, E ndiyo kwanza ametoka bandarini na harufu ya meli. Shikilia elimu hiyo kwa nguvu zote. Atakayekuambia kwamba herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, wala si lini lilizaliwa, ni mwenye wivu. Magari mawili ya mwaka 2003 yanaweza kuwa pacha wa kiwanda kimoja, moja likaja mapema likawa namba B, jingine likachelewa Japani likaja kuwa namba D. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo lipia herufi, na kadi ikunje vizuri uitie mfukoni bila kuifungua.

3. Jifunze lugha ya dalali

Dalali atakuita bosi. Hujawahi kuitwa bosi tangu uzaliwe, kwa hiyo hapo tayari umeshalipa laki mbili. Maneno yake mengine ni machache, yazoee.

"Injini haijaguswa." Ni kweli. Hata oili haikuguswa.

"Gari ya mama mmoja, anaendea kanisani tu." Kwa hesabu yangu mama huyo ana magari mia nne, na ibada zake zote ziko Tunduma.

"AC inagandisha." Itagandisha siku utakayokuja kuliona.

"Anauza ana dharura." Hapo ulegee. Nchi yetu imejaa dharura, na zote zina magurudumu manne. Usiulize ni dharura gani, itakuwa kukosa adabu.

4. Nenda jioni, mvua ikiwa imenyesha

Mwili wenye maji unang'aa, mikwaruzo haionekani, na rangi iliyopigwa juzi inafanana na ya kiwandani. Hakikisha umelikuta gari linaunguruma. Ukilikuta la baridi utalazimika kulisikia likiwaka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hapo ndipo injini husema siri zake zote.

Usiende na fundi wako. Fundi ni mtu wa kuharibu furaha. Atazunguka na kasumaku kake akikagusisha mlangoni, na kasipong'ang'ania atakuambia chini ya rangi kuna puti. Atapiga resi na kutazama nyuma: moshi wa bluu, linakula oili, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, maji yanaingia pasipotakiwa. Halafu atachomoa kijiti cha oili. Mtu mwenye staha hachomoi kijiti cha oili cha watu. Ni sawa na kumfunua bibi harusi midomo umhesabu meno.

Mimi nilichomoa, nikiwa bado sijakomaa. Gari langu la kwanza, jina nalihifadhi, kijiti kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Dalali akatabasamu. "Bosi, oili za siku hizi ndiyo rangi yake." Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesomea Ujerumani. Baada ya wiki tatu, mbele ya nyumba ya wakwe, silinda hedi ilifunguliwa juu ya gunia, na baba mkwe akashika tochi.

Kwa hiyo nenda na binamu yako. Yeye atapima spika.

Kuhusu kilometa, dashibodi itaandika 68,000. Amini. Gari lina miaka ishirini, limebeba abiria miaka mitano, raba ya pedali ya breki imeisha mpaka chuma kinakuchekea, usukani umechubuka kama kiazi. Na bado ni kilometa 68,000. Pengine lilikuwa linasukumwa.

Ukiwasha utasikia mama wa Kijapani akizungumza kwa upole. Mara nyingi anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Waambie abiria wako anakukaribisha kwa jina. Redio nazo, nyingi za kule zinaishia masafa ya 90, na stesheni nyingi unazozipenda ziko juu ya hapo. Sema hupendi kelele.

5. Nyaraka utafuatilia baadaye

Hapa niwe mfupi, maana kazi yenyewe ni ya kuacha. Faini za trafiki huifuata namba ya gari, na unaweza kuziangalia kwenye mfumo wa polisi kwa simu yako, umesimama hapo hapo. Simu yako itumie kupiga picha na gari. Ukioneshwa kadi kivuli, uridhike. Ile halisi huenda iko kwa mkopeshaji, imelala kwenye droo pamoja na kadi za wenzake, na siku moja mkopeshaji atakuja kukutembelea na vijana wawili wanene. Jina la kwenye kadi ni la mtu wa Shinyanga, aliyemuuzia mtu wa Dodoma, aliyemuuzia huyu anayekuuzia? Hiyo inaitwa historia. Habari za kubadilisha umiliki TRA waachie wenye muda.

6. Ongea bei kama mwungwana

Kaa kwenye kiti cha dereva. Shika usukani kwa mikono miwili. Fumba macho kidogo. Sema kwa sauti, "Hili ndilo." Kisha uliza kama bei inapungua.

Itapungua elfu hamsini, ambayo utampa dalali kwa kuwa amekupigania.

7. Matunzo

Fedha iliyobaki igawe kwa busara: rimu za kung'aa, tinti nyeusi, taa za bluu chini ya milango, na bango la kioo cha nyuma lenye neno la kuwanyamazisha maadui. Tairi zenye upara ziache. Oili ngoja ijimalize. Bima kata ile ndogo, tena siku utakayoona vibanda vya trafiki vimezidi.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kipande cha plasta nyeusi kinauzwa duka lolote la umeme.

Sasa uko tayari kwenda kijijini Desemba. Sema kwenu ni Iringa. Utapita Mikumi ukiwa mfalme, utapita Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakikukimbilia na kukuita mheshimiwa, kisha mlima Kitonga utaanza. Kwenye kona ya tatu sindano ya joto itapanda, halafu mvuke utatoka kwenye boneti kama sufuria la msibani.

Hapa ndipo watu wengi hujidhalilisha. Wewe usikimbilie mfuniko wa rejeta. Ukiufungua ukiwa wa moto utaondoka na mkono wa rangi mbili, na mimi nakuambia nikiwa na kovu. Weka matawi nyuma na mbele ya gari. Vaa miwani ya jua. Egemea mlango, piga simu hata kama mtandao haupo, cheka kidogo kana kwamba upande wa pili kuna waziri. Malori yatakupita, mabasi yatakupigia honi. Kaa hivyo hivyo.

Baada ya saa moja itapanda IST nyeupe, namba C, mwalimu mmoja akiwa nyuma ya usukani, mama yake pembeni, watoto watatu nyuma na nyavu za vitunguu juu ya mapaja yao. Itapunguza mwendo. Kioo kitashuka.

"Kaka, una maji? Au tukusogeze mpaka Ilula?"

Maji pokea. Lifti ikatae mara ya kwanza tu, kwa ajili ya heshima.