Bei ya Mwisho ya Alama

Nimepata nne kati ya kumi. Jalada la daftari lina jina la binti yangu wa darasa la tatu, lakini nne ile ni ya ukoo mzima. Ni yangu, ni ya mama yake, ni ya mpangaji wa ghorofa ya juu aliyeshuka kuazima chumvi akabaki kwenye swali la tatu, na ni ya winga mmoja, dalali wa Mtaa wa Kongo, aliyekuwa amejipumzisha juu ya robota dukani kwetu kazi ilipoletwa. Swali la sita tulimpigia simu shemeji yangu mwenye digrii. Chini ya yote hayo mwalimu kaandika kwa biki nyekundu: "Ongeza bidii." Shemeji naye aongeze?

Kazi yenyewe ilikuwa ya Jiografia na Mazingira, somo lililokuja na mtaala mpya, na maelekezo yalisema wazi: jibu maswali kuhusu mazingira unayoishi. Unayoishi! Si ya babu yake Kondoa, wala si ya kwenye picha ya kitabu yenye kilima, mto, ng'ombe wawili na mama mwenye ndoo kichwani. Sisi tunaishi Mchafukoge, jirani na Kariakoo. Ukifungua dirisha letu unaona dirisha la jirani, na ukilifunga bado unamsikia.

Swali la kwanza: taja chanzo kimoja cha maji katika eneo unaloishi. Tukaandika mkokoteni. Kosa.

Najua maji ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, yanapita mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, sihitaji kufundishwa. Lakini mtoto hakuulizwa maji ya DAWASA yanatoka wapi, kaulizwa ya kwao. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua na mgawo ukatangazwa, mtoto huyu alikuwa bado wa kubebwa, na alichokiona kwa macho yake ni kijana anapanda ngazi na madumu mawili na kushuka na hela. Mpaka leo mota ya jengo letu ikigoma, na hugoma, hatuendi Ruvu. Tunachungulia dirishani tunapiga mluzi.

Swali la pili: taja zao moja la biashara. Tukaandika vitenge. Kosa tena, eti alitaka mnazi au mkorosho. Mimi nimekulia hapa, na mnazi ninaoujua ni Mnazi Mmoja, ambao nao ukiutafuta utaambulia uwanja. Vitenge je? Vinashushwa kwenye makontena, Mzambia anavuna marobota yake, Mkongo anavuna yake, Mcomoro anavuna vyepesi vya kubeba kwenye boti. Hilo likiwa si zao la biashara, basi na biashara yenyewe haipo, na hawa wote wanaotukanyaga miguu kila Desemba wamekuja kutembea.

Dalili ya msimu wa masika: tukaandika mwendokasi kutopita Jangwani. Kosa. Jibu lake lilikuwa mawingu mazito. Mawingu mazito tunayaona hata Julai na hayadondoshi kitu, ila mabasi ya Kimara yakianza kuishia Magomeni kwa sababu Msimbazi umepanda barabarani, hata asiyejua kalenda anajua tuko kati ya Machi na Mei.

Jua huchomoza upande gani wa nyumbani kwenu? Upande wa Posta. Kosa. Jamani, chukueni dira, njooni msimame kwenye paa letu kati ya nguo zilizoanikwa. Posta iko wapi kama si huko mashariki, baharini? Tena tulikuwa wapole, maana hapa chini kwa sababu ya maghorofa jua halichomozi kabisa, linatokea tu saa tano limeshakuwa kali.

Sasa sikia lililonichosha. Taja ndege mmoja anayepatikana katika mazingira yako: kunguru. Vema, tena kubwa, na mkia. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa hapa, aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, akavuka bahari, akafika kula maandazi yetu. Mgeni kapewa vema bila maswali. Mkokoteni, uliochomelewa Gerezani na vijana wenye vitambulisho vya taifa, umepigwa kosa.

Watu wa shule wanalalamika kwamba wazazi wa siku hizi wamezidi, mtoto akisahihishwa leo kesho baba yuko getini na daftari. Wanasahau tumetoka wapi. Kariakoo hakuna anayelipa bei ya kwanza. Ukiambiwa elfu thelathini ukatoa elfu thelathini, muuzaji mwenyewe halali, anajiuliza kwa nini hakusema hamsini. Bei ya kwanza ni salamu. Unaitikia, unaanza kuondoka, unaitwa, unarudi, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo mnaongea. Mtu aliyelelewa hivyo toka tumboni umpe nne kwa biki nyekundu, halafu ashukuru na kwenda zake?

Na si alama za watoto tu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, kisa makadirio ya kodi, mambo ya kusajili stoo na namna walivyokuwa wakifuatwafuatwa. Makadirio ni nini kama si usahihishaji? Mtu kaangalia kazi yako kaandika namba, nawe umeikataa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja, akaketi, watu wakapanga foleni ya kipaza sauti kueleza walivyoonewa. Watoto wetu waliyaona hayo wakiwa wamekaa mabegani mwetu. Halafu mnataka wakue wakiamini namba iliyoandikwa na mkubwa haihojiwi.

Kama mnadhani ni ushamba wa Kariakoo, taifa zima lilishawahi kufanya hivyo. Februari 2013 Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nakumbuka ule ukimya wa mtaani, kila nyumba imezima redio. Kisha kelele. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka ule serikali ikasimama bungeni ikasema matokeo yafutwe, yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani wa madaraja. Yakatoka mapya, sifuri zikapungua. Mtoto mmoja, mtihani mmoja, karatasi zilezile, na mwaka mmoja kalala na sifuri kaamka na divisheni ya nne. Baadaye ikaletwa GPA, wazazi tukaanza kujifunza nukta za desimali uzeeni, na mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako akairudisha divisheni. Huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani siku zile za sifuri. Mimi simlaumu mtu. Nasema tu kwamba punguzo lilipatikana, na kwamba kabla halijapatikana, lilikuwa limesemwa haliwezekani.

Hata Marekani wamo. Mwaka 2015 ulimwengu mzima uligombana mtandaoni kwa sababu mtoto aliulizwa tano mara tatu akajumlisha tano, tano na tano, mwalimu akampiga kosa kwa kuwa alitaka tatu zijumlishwe mara tano. Jibu ni kumi na tano huku na kumi na tano kule. Nilipolisoma nilitamani nimfahamu baba wa mtoto yule nimtumie kitenge.

Tena kwenye mkokoteni ninaye shahidi mzito. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake makubwa lilikuwa kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na jamii yake, anasoma vitu ambavyo haviko kwao. Alikuwa mwalimu wa Pugu kabla hajaacha kazi mwaka 1955, kwa hiyo alijua anachosema. Ni kweli aliwaza zaidi mtoto wa kijijini, jembe na shamba. Lakini nina hakika angepita kwetu maji yamekatika angeielewa hoja.

Nikaipeleka hoja hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kundi lile kwa kawaida ni la picha za maua zenye maneno "Ijumaa Karim" na "Jumapili njema", na ukumbusho wa hela ya uji. Usiku ule liliamka. Baba mmoja akaonyesha kwamba mwanawe kaandika mkokoteni vilevile na kapewa vema. Mama mwingine akasema wake kaandika boza kapigwa kosa. Ikagundulika majibu mengi yanafanana, kwa kuwa watoto wote wanapitia kwa mama mmoja wa vitumbua anayewasomea maswali wakisubiri bajaji. Badala ya kuona aibu, wazazi wakaona ni ushahidi: watu wengi hivyo hawawezi kukosea pamoja. Akatumwa mtu, na mtu ni mimi.

Winga alikuwa tayari. Aliniambia, "Mzee, wewe huna mdomo, nenda na mimi. Kianzio nne. Tunamwambia tunataka nane, yeye anapanda tano, tunafunga kwenye saba." Nilimwambia shule si duka. Akanitazama kwa huruma, akaja hivyohivyo, akabaki getini kwa mlinzi.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikamkuta mwalimu ni binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, amejiinamia mezani, madaftari yamempanda hadi kidevuni. Akainuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

Unapigwaje shikamoo halafu ugombe? Nusu ya maneno ikaanguka palepale. "Marahaba, mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri baba, ni hizi unazoziona." Na nilikuwa naziona. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa ya mjini yamefurika, na kila anayekaa kwenye dawati ana daftari, na kila daftari lina majibu ya mama wa vitumbua.

Nikaeleza mkokoteni. Nikaeleza vitenge. Nikamtaja Nyerere. Alisikiliza vizuri mno, jambo ambalo kwa mnunuzi mzoefu ni dalili mbaya.

"Baba, nakuelewa," akasema. "Hata kwetu Buguruni maji tunanunua ya mkokoteni. Lakini huyu mtoto mwisho wa safari atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kule anasiliba, na mashine ndiyo inasoma. Mashine haijawahi kufika Kariakoo. Nikimzoesha mkokoteni, siku ile atautafuta kwenye A mpaka E na hatauona."

Nikasema na yule aliyepewa vema kwa mkokoteni uleule je? Akalitafuta daftari lile, akalitazama, akakubali kwamba lilisahihishwa usiku umeme ukiwa umekatika, akachukua biki nyekundu. Nikamzuia haraka. Nilikuja kuongeza alama mtaani kwetu, si kupunguza za jirani, na baba yule ananidai.

Ndipo akageuza daftari letu kunielekea. "Kitu kimoja, baba. Mwandiko wa swali la kwanza ni wa mtu mmoja, wa la pili ni wa mwingine, na hapa swali la sita kuna neno 'topografia'. Ni wa mwanafunzi?"

Nikamwambia mtoto anakua haraka.

Hakucheka, lakini alivuta kona ya mdomo. Akaenda hadi kwenye swali la jua. Akafikiri, akatazama dirishani kama anayepima mahali bahari ilipo. "Hii ya Posta nitakupa nusu. Kweli iko mashariki."

"Na mkokoteni?"

"Baba, nne na nusu. Bei ya mwisho."

Nikaanza kuondoka polepole, kama tulivyozoea. Nikafika mlangoni. Hakuniita. Nikageuka, nikamkuta ameshafungua daftari jingine, na nje kwenye benchi wamejaa wazazi wenzangu, wawili wamekuja na mawinga wao.

Getini winga wangu akasikia nusu, akafurahi kuliko mimi, akaniambia Posta lilikuwa wazo lake, kwa hiyo anadai cha juu. Nikamwambia cha juu cha nusu alama hakipo, nusu haigawanyiki. Binti yangu, ambaye tangu kazi ile ilipokuja hakuna aliyewahi kumuuliza chochote, akasema, "Inagawanyika, baba. Ni robo."

Winga akasema hiyohiyo robo inamtosha, na kama sina chenji yuko tayari kusubiri mpaka kazi ya Hisabati.