Kinanda Hakiji Peke Yake

Wapiga kinanda hatufilisiwi na vinanda. Tunafilisiwa na stendi, adapta, pedali na waya wa jeki. Kinanda chenyewe mtu anakipangia: anachanga, anakopa kikoba, anaibembeleza kamati ya harusi imtangulizie nusu ya malipo, kisha Jumamosi moja anaingia Kariakoo na hela ameigawa sehemu tatu za mwili. Hayo mengine hayamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Yanajitokeza ukishafika nyumbani, umeshavua viatu, na maduka yamefungwa.

Mwaka huu ugonjwa wa kununua umelipata kundi letu zima, sisi tunaopiga kumbini siku za harusi na kanisani Jumapili. Hakuna aliyepona. Hata mpiga ngoma, ambaye miaka yote alijisifu kwamba chombo chake hakili umeme, amenunua pedi za kielektroniki na sasa anagombania soketi na sisi wengine.

Ukitaka kununua, kwanza lazima umpite winga. Winga hana duka wala mzigo, ila anajua kila kitu cha Kariakoo kiko ghorofa ya ngapi, na cha juu chake ameshakiweka kabla hujamaliza kuitikia salamu. Mwalimu wetu wa kwaya alimwambia mmoja kwamba anatafuta kinanda. "Kipo, mzee wangu, cha Japani kabisa!" Wakapanda ngazi, wakapita kwenye mashuka, wakapita kwenye masufuria, mwisho wakatokea mbele ya kinanda cha kuchezea watoto chenye picha ya sungura. Mwalimu akakitazama. Winga naye akakitazama, akasema kwa upole, "Hata hiki kinalia, mzee."

Walipofika kwenye vinanda vyenyewe, Mwalimu akaiona nembo ya Yamaha, ile ya uma tatu za kupimia sauti zilizopishana ndani ya duara. Winga hakuwa na habari na uma. Yeye aliitambua kwenye matangi ya mafuta. "Hii kampuni ya pikipiki, mzee. Inapanda milima. Itashindwa na mapambio?" Mwalimu akakigeuza kinanda chali, akasoma kibandiko: kimetengenezwa China. Winga hakutikisika. "Hapo ni China kwa mwili tu. Roho ni ya Japani."

Na kusema kweli hakukosea sana. Vinanda vingi vya bei ya chini vya kampuni hiyo hutengenezwa China na Indonesia, lakini kampuni yenyewe ni ya Hamamatsu, Japani, na mwanzo wake ni fundi. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa kwenye shule moja mjini humo kutengeneza kinanda cha upepo kilichoharibika. Alikifungua, akaona namna kilivyoundwa, akaamua kuunda cha kwake. Habari hii nilimsimulia fundi wetu wa mtaani, nikidhani itamtia moyo. Akaniuliza yule Torakusu alilipwa shilingi ngapi kwa ile kazi ya kwanza, na kama alidai malipo nusu mapema.

Mwalimu alinunua kinanda cha funguo 61. Kijana wetu mmoja aliyesomea muziki chuoni hakutaka kusikia habari za 61. Alitaka funguo 88, tena zile nzito zenye nyundo ndani, kwa sababu vidole vyake, alisema, vinaharibika kwa funguo nyepesi. Akapata. Piano ya namna hiyo, hata ile ndogo kuliko zote dukani, hupita mita moja na robo kwa urefu, na nyingi hupita kilo 11 kwa uzito, na hapo bado hujahesabu boksi lake. Akalipakia kwenye bajaji. Likatokeza kulia, likatokeza kushoto, na dereva akaagizwa asipinde kona kwa ghafla. Dar es Salaam! Kufika njia panda ya kwanza, ncha ya kushoto ikawa imeingia dirishani kwa daladala na konda anadai nauli yake, eti kuna abiria wake aliyelala kwenye bajaji.

Nyumbani, kijana akawa anafanya mazoezi usiku kwa hedifoni ili asisumbue watu. Yeye alisikia piano ya ukumbi mkubwa wa Ulaya. Jirani wa chini alisikia tok, tok-tok, tok. Mwisho jirani akapanda ngazi, akagonga kwa adabu zote, akaomba kama hicho kitanda kinachopigwa misumari hakiwezi kusubiri mpaka asubuhi.

Lakini mkasa mkubwa zaidi ulikuwa wa umeme. Mpiga besi wetu alikwenda kwenye kontena la vitu vilivyotumika vya Japani, akachagua ampulifaya ya besi, nzito, safi, bei ya kutupa. Plagi yake ina miguu miwili bapa, haiingii kwenye soketi zetu. Si tatizo: vile viunganishi vinauzwa kila kona. Akanunua, akachomeka, akawasha. Kiunganishi kile hubadili umbo la miguu tu. Japani umeme wa ukutani ni volti 100. Kwetu ni 230. Ampulifaya ikapiga noti moja nzito, nzuri kupita zote tulizowahi kusikia kutoka kwake, kisha ikaanza kutoa moshi kwenye matundu ya nyuma. "Vumbi la safari hilo," akasema mwenyewe, akipepea kwa kofia. Fundi alipoifungua alikaa kimya muda mrefu kidogo, ndipo akatoa ripoti: "Kasha ni zima kabisa."

Adapta ni fitina ya namna nyingine. Vinanda vingi vya Yamaha vya nyumbani hula volti 12, na chanya iko katikati ya pini. Casio nyingi za zamani hula volti 9, na katikati wameweka hasi. Kinanda ukikipa adapta ya mwenzake kinaweza kukaa kimya, na kinaweza kukaa kimya milele. Kibandiko cha adapta kina mchoro mdogo wa duara lenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, umechapwa kwa herufi ambazo mwenye macho ya kuzisoma bado hajafikia umri wa kuwa na kinanda. Tangu Mwalimu apoteze adapta yake ukumbini, kwaya yetu imetumia mawe sita makubwa ya tochi kutoka duka la Mangi. Mawe yanafanya kazi vizuri mpaka wakati wa sadaka. Kwa nini wakati wa sadaka, mweka hazina anasema anajua, lakini hasemi.

Mtu akiuliza kwa nini tusinunue kinanda kimoja cha bei ya chini tukatulia, kuna kisa kila mpiga kinanda anakijua. Casio MT-40 ilitoka mwaka 1981, kinanda kidogo cha kubebwa kwapani. Ndani yake kulikuwa na mdundo wa roki uliowekwa kiwandani, wa kubonyeza tu. Mwaka 1985 kule Jamaika Wayne Smith na King Jammy wakautumia karibu kama ulivyo, ukazaa "Under Mi Sleng Teng," na rege ikageukia mashine. Kwa hiyo kinanda cha bei poa kinatosha kubadili muziki wa nchi nzima. Sisi kisa hiki tunakitumia hivi: tunamsimulia mke nyumbani tunapotaka kununua kinanda cha pili, kwa hoja kwamba cha bei poa hakina gharama.

Mke wangu alisikiliza kisa chote. Akauliza, "Huyo wa Jamaika alikuwa na stendi ngapi?"

Sauti nazo. Vinanda vingi hufuata mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, wenye sauti 128, kila moja na namba yake. Kinanda cha kanisa ni namba 20. Namba 109 ni kalimba, ambayo ni ndugu wa ilimba, ile marimba ya mkono ya Wagogo ambayo Hukwe Zawose aliizunguka nayo dunia. Kwa hiyo Mgogo anasafiri mpaka Dar es Salaam, analipa, anauziwa ilimba ndani ya boksi la plastiki, na bado hana adapta. Mwisho kabisa wa orodha mambo yanachafuka: 124 ndege analia, 125 simu inaita, 126 helikopta, 127 makofi, 128 risasi. Nani aliyehitaji risasi kwenye kinanda, sijaelewa mpaka leo. Ninachojua ni kwamba vibonyezo vya namba ni vidogo, vidole vya mpiga kinanda kwenye msiba vinatetemeka, na makofi yale ya 127 yanasikika kweli kabisa kama ukumbi umefurahi. Familia ya marehemu haijatuita tena.

Rafiki yetu wa taarabu alikuja na balaa lake. Taarabu ya Unguja ilikua kwa udi, fidla na kanuni. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Kisha vinanda vikashika nafasi, hasa kwenye taarabu ya kisasa ya kumbini, na Yamaha na Korg hutengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Kiarabu, vyenye vitufe vya kushusha noti kwa robo toni ili makamu, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, zitoke sawasawa. Shangazi yake aliye Muscat alimletea kimoja. Kipigwe taarabu, utalia. Ila usiku mmoja alitoka kwenye taarabu akakodiwa moja kwa moja kwenye sherehe ya kutimiza mwaka ya mtoto, na vitufe vya E na B akavisahau vikiwa vimewaka. Wimbo wa kukata keki ukatoka na noti ambazo hazipo kwenye kinanda cha mtu mwingine yeyote pale mjini. Watoto waliimba bila shida. Wazazi ndio walioshindwa.

Sasa transpozi. Kitufe hiki huhamisha kinanda kizima juu au chini kwa nusu toni, ili anayejua kupiga C peke yake apige E-flati na vidole vikiwa palepale kwenye C. Waliosoma wanakidharau. Ibada zetu nyingi zimesimama juu yake. Na kwaya zetu husoma solfa, ambayo "do" yake huanzia popote utakapopewa, kwa hiyo mwimbaji hana anuani nyingine zaidi ya ile aliyopewa na kinanda.

Harusi ya Agosti, bibi harusi yuko katikati ya kanisa, kinanda kimeazimiwa adapta, transpozi imepandishwa mara tatu, kila kitu kinakwenda. Umeme ukakatika. Kwaya haikuyumba, iliendelea kavu, na watu wakasema "Amina." Umeme ukarudi. Kinanda kikazinduka kama mtoto mchanga, bila kumbukumbu: transpozi sifuri, sauti ya piano, mdundo namba moja. Mwalimu akaingia kwa nguvu zote kwenye ubeti wa tatu, nusu toni tatu chini ya kwaya yake mwenyewe. Soprano wakaamua kushuka kumfuata. Besi wakaamua kumsubiri walipo. Waimbaji wa tena, ambao kila siku wanalalamika kwamba hawasikilizwi, wakachagua mahali pao wenyewe. Bibi harusi akasimama. Baba yake akaniinamia na kuninong'oneza kwamba mtindo huu mpya ni mzuri, ila ungekuwa mfupi.

Pedali ningeiacha, lakini inastahili. Ukiwasha vinanda vingi huku mguu umeikanyaga, kinanda kinajifunza kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inabaki inaelea. Zaidi ya hapo, pedali ya plastiki haikai mahali pamoja kwenye sakafu ya marumaru. Kila ukikanyaga inasogea mbele kidogo, nawe unaifuata, mpaka ubeti wa nne mikono iko kwenye funguo, mgongo uko kwenye kiti, na mguu uko madhabahuni. Nimepiga pambio zima katika hali hiyo na nilipongezwa kwa kuguswa na roho.

Nyumbani kwangu kuna vinanda viwili na stendi tatu, na stendi zote ni zile za X zinazojikunja zenyewe kinanda kikielemea upande wa besi. Waya za jeki zimo kwenye ndoo, nyingi zinakoroma. Mke wangu ameniwekea sharti: kikiingia kitu kimoja, kitoke kimoja.

Kwa hiyo, msomaji, kama una adapta ya volti 12, chanya katikati, nina stendi ya kubadilishana nawe, na waya wa jeki nitakuongezea juu. Hela usinipe. Ukinipa hela Kariakoo si mbali, na yule winga namba yangu anayo.