Namna ya Kurudia Kumtazama Uhura

Usiitazame peke yako. Kurudia peke yako sehemu ya Star Trek uliyokwishaiona mara kumi na moja ni ugonjwa. Ukiirudia na mtu asiyeitaka, hayo ni mazungumzo. Mimi humtumia shemeji yangu, ambaye huja kwetu kutazama mpira na king'amuzi ni changu.

Weka ile inayoitwa The Changeling, iliyorushwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Mfululizo ule wa kwanza una sehemu 79, na wajuzi watakutajia nyingine ishirini zilizo bora kuliko hii. Waitikie, kisha weka hii hii. Humu tuna jambo letu.

Mbaya wa hadithi ni kisanduku chenye antena. Kinaelea, kinaitwa Nomad, na kimekwishaua watu bilioni nne kwa kosa la kutokamilika. Kilitumwa kutoka Duniani kutafuta uhai mpya, kikapigwa na kimondo, kikakutana na chombo cha wageni kilichokuwa kikisafisha vijidudu kwenye udongo, vikaungana. Sasa kinasafisha kila kitu. Shemeji atauliza kwa nini basi kinamnyenyekea Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha anga. Mweleze kwamba aliyekiunda aliitwa Jackson Roykirk, kikasikia Kirk, kikadhani ndiye muumba wake. Atacheka. Mwache acheke, ila rimoti ishike wewe.

Kabla jambo letu halijafika, una nafasi ya kutoa mhadhara. Mwambie kwamba Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, mbunifu wa mfululizo, akalipenda neno. Kisha likalainishwa mwishoni, u ikawa a, likawa Uhura, ili lifae kwa mwanamke. Hapo tulia kidogo, maana kwetu hakuna neno linalogeuka la kike kwa kupachikwa a. Ingekuwa hivyo, mwalimu wa kike angeitwa mwalima. Lakini jina tumelipokea, hatulirudishi.

Uhura anaimba kwenye kiti chake cha mawasiliano. Kisanduku kinauliza kuimba ni nini na kuna faida gani, naye anajitahidi kukieleza. Hakiridhiki. Kinamfuta kumbukumbu zote, kisha kinalalamika kwamba fikra zake zilikuwa vurugu tupu. (Kwa shemeji, hii ndiyo hoja pekee yenye akili aliyoisikia mle ndani. Dada yangu, mkewe, alikuwa jikoni, hakusikia.)

Sasa kaa vizuri. Zima feni kama inapiga kelele. Uhura yuko kwa daktari, anafundishwa upya kusoma kama mtoto wa chekechea: mbwa ana mpira. Muuguzi Chapel anamsaidia. Anasoma, anakwama, hasira zinampanda, na kinachomtoka kinywani ni Kiswahili. Ni sekunde chache tu. Ukipiga chafya, umerudi mwanzo.

Mashabiki wa huko Marekani watakwambia hapa mwandishi ameteleza: kama kumbukumbu zote zilifutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Nilimpelekea shemeji swali hilo. Alikuwa akitafuta rimoti chini ya mto, akajibu bila hata kugeuka: "Hicho hakikuwa kwenye kumbukumbu. Kilikuwa kwenye ulimi."

Kisha, kwenye runinga, muuguzi, kwa upole wote, anamwambia Uhura aseme kwa Kiingereza.

Rudisha nyuma, kama mimi nilivyofanya. Shemeji aliketi wima. Huyu bwana darasa la tano alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi kengele ya mwisho, kwa sababu aliomba kalamu kwa Kiswahili. "Hii ni mwaka gani?" akauliza. Nikamwambia karne ya 23, ndani ya chombo cha anga, mbali na nyota zote tunazozijua. "Na bado?" Na bado.

Yanayobaki yapitishe haraka. Kirk anakishinda kisanduku kwa kubishana nacho: anakithibitishia kwamba kimekosea, kwa hiyo nacho hakijakamilika, kikalipuka kwa aibu. Atakayeona hilo haliwezekani hajawahi kukaa kwenye baraza la kahawa.

Ila usizime kabla Daktari McCoy hajatoa taarifa yake: Uhura amekwishafika kiwango cha chuo, na ndani ya wiki atarudi kazini. Shemeji alihesabu kwa vidole miaka yake ya Kiingereza, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Vidole havikutosha.

Mrudishie rimoti sasa. Au usimrudishie, mpira una marudio saa tano usiku.