Nati Mbili Zimebaki: Namna ya Kumrudia Fundi Aliyelipua Kazi

Fundi akikukabidhi pikipiki yako, kisha akafungua kiganja chenye nati mbili na washa moja na kusema, "Hizi zimebaki, lakini hazina kazi," usipige kiki. Hakuna kiwanda kinachofunga nati ya urembo ndani ya injini. Vuta benchi, kaa, mwombe afungue tena huku unamtazama, na usiondoke hapo hata kama adhana ya alasiri itakukuta. Nati iliyobaki mkononi leo Isevya, kesho ni injini iliyozima porini Sikonge.

Mwongozo huu ni wa wenye vyombo vya moto wa Tabora: kijana wa bodaboda wa Ng'ambo, mwenye Fuso ya kubeba magunia, mwalimu aliyekopa akanunua pikipiki ya Boxer ili afike shuleni kwake Uyui. Cheka patakapokuchekesha, lakini ushauri wenyewe ufuate kama ulivyo. Vijijini mwa mkoa huu pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Ndiyo inayomleta mama mjamzito Hospitali ya Kitete usiku wa manane, ndiyo inayotoa asali Sikonge, ndiyo inayompelekea mbolea mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua. Aliyefunga breki za chombo hicho ilimradi siku ipite ameyagusa maisha ya watu ambao hatawaona kamwe. Na kati ya Ipole na Inyonga ni msitu wa miombo tu. Hapo hakuna wa kumlalamikia isipokuwa nyani.

Ushahidi wako unaanza kabla ya spana ya kwanza. Siku unayopeleka chombo, piga picha: kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, geji ya mafuta, namba ya injini na ya chesisi, tairi, betri, mikwaruzo yote. Kisha andikeni kwenye daftari la kawaida la shule: tatizo ni nini, kazi ipi itafanyika, spea atanunua nani, bei ya ufundi, kianzio, sehemu ya ujira itakayobaki mpaka chombo kijaribiwe, siku ya kuchukua, na muda ambao fundi atairudia kazi bure ikiharibika palepale alipogusa. Sahihi mbili na shahidi mmoja. Fundi akicheka, cheka naye, kisha mpe kalamu. Mwambie mapema pia kwamba kila spea inayotoka unaitaka. Pistoni kuukuu, hata ikiwa imepasuka, irudi kwako ndani ya boksi la ile mpya. Hapo utajua kweli kilichobadilishwa, na mwenye tabia ya kunyofoa beringi nzima na kukufungia ya mtumba atakosa upenyo.

Asikwambie mtu kwamba mambo haya ni ya kizungu, kwamba sisi tunaaminiana tu. Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyokua yakawa Tabora, yalikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, waliingia kwenye biashara yenye kanuni zake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua thamani ya mabega yao: mzigo ulipimwa kwa frasila, ujira ulipatanwa kabla ya kujitwika, na kirangozi wa kutangulia msafara alijulikana kabla ya hatua ya kwanza. Tajiri aliyevunja maafikiano aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo ipo na wapagazi hawapo. Mji uliokulia kwenye maafikiano ya aina hiyo hauna sababu ya kumkabidhi mtu lori la mamilioni kwa kusema tu, "Fundi, wewe unajua."

Njia za misafara zina pia funzo kuhusu kujaribu chombo. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaridhika kwamba yanafaa. Mwaka uliofuata msafara wa wamisionari ukaondoka na magari hayo kuelekea Ujiji. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, mpango wa magari ukaachwa, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Jaribio lilikuwa fupi, safari ilikuwa ndefu. Fundi anayeizunguka miembe ya gereji mara moja na kushuka akisema "iko safi" amefanya jaribio kama la Price, na wewe ndiye utakayekwenda Ujiji.

Sasa dalili zenyewe, maana mwenye chombo asiyezijua huuziwa kila anachoambiwa. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: ringi zimefungwa vibaya, midomo yake imepangwa mstari mmoja, au sili za valvu zimechoka na fundi aliziona akazirudisha. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Tazama kabureta, na tazama zaidi eakilina, kwa sababu vumbi letu jekundu la kiangazi huijaza haraka, na wako mafundi wanaofumua injini nzima huku chujio lenyewe wakilipiga kofi moja tu na kulirudisha. Gari likiendelea kutoa moshi mweupe baada ya injini kupata moto, na maji ya rejeta yanapungua, basi maji yanaingia kwenye silinda, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hapo kwenye silinda hedi nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Boliti zake hukazwa kwa kuvuka, kona hii kisha kona ya upande wa pili, kidogo kidogo kwa awamu, hadi kipimo alichotaja mtengenezaji. Anayekaza boliti moja mpaka mwisho ndipo ahamie ya jirani anaweza kuipinda hedi, na mwezi ujao atakuuzia gasketi nyingine. Muulize tu, "Fundi, hizi unazikaza kwa mpangilio gani?" Fundi wa kweli hufurahi kuulizwa, atakuonyesha kwa kidole moja, mbili, tatu, nne. Anayekujibu kwamba ana uzoefu wa miaka 20 hajakujibu.

Pedeli ya breki inayozama kama godoro ina upepo ndani ya paipu. Gari linalovutia upande mmoja ukikanyaga breki, upande mmoja haushiki sawa na mwenzake, pengine kwa sababu pedi imeguswa na oili. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Cheni ya pikipiki lazima iwe na ulegevu kidogo, kwani ikivutwa hadi kunyooka inakula beringi na sproketi zote mbili.

Ukishaiona dalili, uzuie mkono wako, na uzuie mikono ya wenye huruma. Kijiwe kizima kitakwambia, "Lete nikuangalizie." Kataa kwa heshima. Fundi wa pili akilegeza boliti moja tu, wa kwanza ameshapona. Atasema aliyeharibu ni huyo. Rekodi mlio kwa simu. Laza kadibodi chini ya injini usiku kucha, asubuhi piga picha doa la oili. Kisha kirudishe chombo kulekule kilikofungwa, na ikibidi macho mengine yatazame, yatazame mbele ya fundi wa kwanza. Ikiwa tatizo ni breki au usukani, usikiendeshe hata kurudi gereji. Kipakie kwenye guta, kikokote, mlete fundi kwa bodaboda, lakini usikipande.

Nenda asubuhi, kabla hajafungua injini ya mtu mwingine, na uanze kwa salamu ya Kinyamwezi. "Wangaluka, fundi," husogeza mambo zaidi ya makelele. Ukiwa Mzaramo na fundi ni Mnyamwezi, una bahati ya pekee: utani wa makabila haya mawili, ambao ni matunda ya misafara ya Bagamoyo, unakuruhusu kumwambia mbele ya wateja wake maneno ambayo mtu mwingine angeyasema mkapigana. Utumie wote. Asiye mtani aseme jambo lenyewe na mahali lilipo:

"Fundi, ile kazi ya Jumanne, hapa panavuja."

"Aisee. Gasketi hiyo, mzee."

"Gasketi ilikuwa mpya, risiti hii hapa."

"Basi iache, pita kesho."

"Naiacha, ila na mimi nabaki."

Utapewa visingizio. "Itazoea" ni cha kwanza. Ni kweli injini yenye ringi mpya huzoeshwa: kilomita za mwanzo unakwenda taratibu, huminyi mafuta hadi mwisho, hupakii mishikaki. Lakini chuma kinachogonga chuma hakizoei, na breki haizoei. "Za aina hii ndivyo zilivyo" ni cha pili. Mwombe mwende kijiweni akuonyeshe Boxer nyingine yenye ugonjwa huohuo. Cha tatu ni swali: "Wewe uliiendeshaje?" Hapo ndipo wengi hupandisha sauti na kupoteza haki yao mchana kweupe. Ana haki ya kuuliza. Mfungulie picha ya kilomita ulipoichukua na kilomita za sasa, mwonyeshe doa la oili, msikilizishe mlio, kisha nyamaza uone atasema nini.

Akikataa katakata, usitume vijana wakaking'oe chombo usiku. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu fundi aliyetia nguvu na ujuzi wake kwenye mali yako, kwa namna mliyokubaliana, aizuie mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kwa uangalifu wa mtu makini anayetunza ya kwake, na inamtaka aliyevunja mkataba afidie hasara iliyotokana na kuuvunja. Kwa hiyo andika hasara: siku chombo kilipolala, spea ulizonunua mara mbili, guta uliyokodi. Mwone mwenye gereji. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti au mtendaji, maana madai mengi ya aina hii huishia hapo kwa suluhu. Pasipo suluhu kuna Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mikataba kwa Kiswahili. Nenda na daftari, picha, na maelezo ya maandishi ya mtu mwenye cheti cha ufundi magari, kwa mfano mwalimu wa chuo cha ufundi stadi cha VETA. Ikionekana kosa si la fundi bali la spea bandia, rudi dukani na risiti ya EFD. Muuzaji akikaidi, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia.

Lakini kabla hujafika huko kote, jiulize ulipatana vipi. Mwenye chombo anayekata bei ya ufundi hadi nusu, anayeleta oili ya kupima kwenye chupa ya maji kwa kuwa ni rahisi, anayesema "funga hivyohivyo nina abiria wa Nzega," amelipua kazi pamoja na fundi. Na yule kijana mwenye miaka 16 aliyeachiwa spana huku mkubwa wake amekwenda kunywa chai hakuzaliwa kanjanja. Hakuna aliyemfundisha. Gereji zetu za chini ya miembe zimejaa vijana wenye mikono mizuri kuliko hata ya waliosoma, na utaratibu upo wa VETA wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi alionao. Mwenye gereji asiyewapeleka vijana wake huko anawaibia wao, na anatuibia sisi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mji huu ulifikiwa na reli mwaka 1912, njia za Kigoma, Mwanza na Mpanda zinaungania mkoani hapa, na mafundi wa reli wamefanya kazi kwa vipimo mbele ya macho yetu kwa zaidi ya karne. Kipimo si kitu kigeni Tabora.

Siku ya kuchukua chombo kilichorudiwa, bakiza sehemu ya ujira mliyoandika kwenye daftari. Mpakize fundi nyuma mwende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na ambamo Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Mashimo ya njiani yatakitikisa kilicholegea. Mkifika, zima. Gusa habu za magurudumu. Iliyo ya moto kuliko mwenzake, breki yake inang'ang'ania. Chungulia chini kama kuna tone. Kaza nati, pima cheni. Kurudi aendeshe yeye, wewe sikiliza. Mkiingia mjini bila mlio mpya, mlipe salio palepale mbele ya wanafunzi wake, andikeni tarehe na kilomita, na mpange siku ya kumwaga oili ya kwanza. Ya injini iliyofumuliwa hutoka na unga wa chuma, haifai kuachwa mpaka mwisho wa mwezi.