Kila Fundi na Gia Boksi Yake

Gari la otomatiki likishapita miaka ishirini na tano huwa si lako tena, ni la mtaa mzima. Siku likiugua, kila anayepita ana dawa, na hutamsikia hata mmoja akisema "sijui". Langu ni Toyota ya mwaka 1997, liliyafikia makamo huko Japani kabla halijaiona Bandari ya Dar es Salaam, na ugonjwa wake liliuonyesha hadharani: kwenye foleni ya kupanda Kimara, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma.

Foleni ikafunguka, nikakanyaga mafuta. Injini ikaguna kwa sauti nzito, gari likaanza kujikokota kama punda aliyebebeshwa saruji. Daladala iliyokuwa nyuma ikapiga honi ile inayokutukania ukoo.

"Baba," mama mkwe akaniuliza kwa upole, "ni mlima, au ni mimi?"

"Hapana mama, ni gari."

"Maana naweza kushuka."

Konda akawahi: "Mama, Mbezi huku, siti ipo!"

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauna ratiba. Leo gari linaondoka vizuri, kesho linakataa mbele ya watu, na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inakonyeza tu. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alinisikiliza huku akichezea simu, akanipa pole ya msiba, kisha akanitajia bei. "Gia boksi imekufa, bosi. Gerezani kuna moja safi, milioni moja na laki mbili, kufunga tutaelewana."

Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, yeye alilaumu uumbaji wenyewe. Kwake gia huchaguliwa na mkono wa mtu, basi. Nilimweleza kuwa mambo haya si ya jana, kwamba General Motors waliweka gia boksi ya otomatiki, Hydra-Matic, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto wakaifunga hata kwenye vifaru. Kifaru kilikwenda vitani bila klachi, mzee!

"Na kilirudi?" akauliza.

Fundi wa pili alivuta stiki ya oili injini ikiwa imezimwa na imepoa, akatangaza kuwa oili imezidi. Lazima izidi! Oili ya gia boksi ya gari hili hupimwa ikiwa ya moto, injini inaunguruma, gia iko P. Ukizima injini, oili hushuka na kujaa chini, stiki ikakudanganya. Akapunguza, akabandika tepu nyeusi juu ya ile taa inayokonyeza ("inakupa presha ya bure, bosi"), akalipwa kwa huduma zote mbili.

Aliyenivua ni mzee mmoja fundi umeme, gereji yake ni kivuli cha mkungu na benchi. Kabla ya kushika spana aliuliza swali ambalo waliomtangulia hawakuliona: "Ikigoma, ukitia L inaondoka?" Ikawa inaondoka, tena kwa nguvu. Akatabasamu.

Akarudisha oili iliyopunguzwa, akaendesha mpaka ikapata moto, ndipo akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kuinusa. Nyekundu, haina harufu ya kuungua. Ingekuwa kahawia na inanuka moshi, alisema, tungekuwa tunaongea lugha ya Gerezani. Akakanyaga breki, akatoa gia N kwenda D, akasikiliza. Ikashika mara moja, maana ikipita sekunde 1.2 hapo ndipo uanze kuuza shamba. Kisha akachomoa plagi ya umeme ya gia boksi, tukazunguka mtaa: L ikatoa gia ya kwanza, 2 ikatoa ya tatu, D ikatoa ya nne.

"Chuma kizima hiki," akasema. "Anayeumwa ni waya."

Akairudisha plagi, akabandua tepu kwenye dashibodi. Chini ya boneti akafungua kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS juu ya kifuniko, ambacho wenzake walikuwa wakiwekea spana juu yake. Alihitaji kitu cha kuunganisha tundu la TE1 na la E1. Mama mkwe, aliyekuja kuhakikisha kuwa kosa si lake, akageuka pembeni, akaingiza mkono chini ya mtandio, akatoa pini ya nywele. Swichi ikawashwa bila injini. Taa ikaanza kukonyeza, mama mkwe akihesabu kwa sauti: sita, kimya, mbili. Sita, kimya, mbili.

Sitini na mbili: solenoidi namba moja. Gia boksi hiyo ina solenoidi mbili za kubadili gia, na kila moja ni ya kuwaka au kuzima, hivyo mipangilio minne inatoa gia nne. Ya kwanza ikikosa umeme, kompyuta hufanya ungwana wake wa mwisho: inaondokea gia ya tatu ili ufike. Na sisi tulikuwa tunapanda Kimara kwa ungwana huo.

Tukaufuata waya. Karibu na betri ulikuwa umegugunwa nusu, na pembeni yake kulikuwa na kiota safi cha nyuzi za kiroba, vichwa vitatu vya dagaa, na kipande cha ile tepu nyeusi. Mzee akaunga waya, akachukua elfu kumi na tano, pini akairudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Jioni fundi wa kwanza akapiga simu. Gia boksi ameshaniwekea, watu wanaigombea.

"Sihitaji tena," nikamwambia. "Sasa hivi nahitaji paka."

"Paka ninaye, bosi, safi kabisa," akajibu bila kuvuta pumzi. "Ila utatanguliza advansi."