Pipa Hilo Lilibeba Nini?

Msyuuu! Acheni nisonye kwanza, ndipo tuongee.

Mama anayepika pombe ya mbege hapa Moshi anahangaika na ndizi mpaka ziive sawasawa. Azichemshe zigeuke rangi, aziache zichachuke siku kadhaa. Ulezi auloweke, uote, auanike, ausage. Atafute na msesewe, lile gome la kutia uchungu. Jasho lote hilo, halafu linamwagwa kwenye pipa la bluu la barabarani, lebo imebanduliwa, na muuzaji anaapa lilikuwa la sabuni. Nani alishuhudia? Jamani, pipa lililobeba dawa ya wadudu halisafishiki! Plastiki inafyonza. Utasugua, utaanika, utanusa usisikie kitu, na dawa bado imo kwenye kuta zake. Ukiweka humo kitu kichachu chenye kilevi, kikakaa siku mbili tatu, kitaitoa. Na mbege ndivyo ilivyo.

Mangi hapa anasema basi turudi kwenye pipa la chuma, lichomwe moto ndani, yaishe. Mangi, sikiliza. Mwaka 1929 daktari mmoja wa Johannesburg, Strachan, aliandika habari za Waafrika waliokutwa na maini yaliyojaa madini ya chuma. Baadaye watafiti wakafuatilia, wakafika kwenye pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye masufuria na mapipa ya chuma. Zamani huko kusini walipikia vyungu vya udongo. Yalipoingia mapipa, uchachu wa pombe ukawa unakula chuma, na mnywaji anakimeza mwaka baada ya mwaka. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Kinarundikana kwenye ini mpaka linakakamaa. Mwaka 1992 wengine wakaongeza kwamba huenda na urithi wa damu unachangia, wapo wanaodhurika haraka kuliko wenzao. Lakini wewe unajuaje damu yako ni ya upande gani?

Pipa lililopakwa zinki ndilo silitaki hata kulisikia. Zinki inayeyuka upesi kwenye uchachu, watu wanatapika usiku uleule, na asubuhi jirani asiye na kosa anaambiwa katia sumu.

Tafuta plastiki iliyotengenezewa chakula, yenye alama ya glasi na uma, mpya au ile ambayo una hakika ilibeba chakula tu. Mwenye uwezo anunue chuma kisichoshika kutu.

Sasa bomba. Hapa nasonya tena! Fundi anatoboa pipa, anafunga bomba na washa ya mpira, na tangu siku hiyo hakuna anayelifungua. Nje linang'aa. Lifungue uone ute uliojificha nyuma ya mpira. Humo ndimo wanamokaa vijidudu vinavyogeuza mbege kuwa siki kabla wateja hawajafika. Kila pombe ikiisha, bomba litoke, lifunguliwe vipande, lipigwe brashi na maji ya moto na sabuni. Mpira uliopasuka utupwe, bei yake ni ndogo. Pipa nalo lisuuzwe siku ileile, machicha hayajakauka. Na stili waya ikae mbali! Inachora mikwaruzo kwenye plastiki, na kwenye kila mkwaruzo uchafu unapata nyumba. Tumia kitambaa laini. Ukitia jiki, iwe kidogo, suuza mpaka harufu iishe, wala usiichanganye na siki au ndimu, inatoa hewa ya sumu inayoumiza kifua.

Kifuniko nacho kisikazwe. Mbege inaendelea kuchachuka hata ikiwa imeshakolea, inatoa hewa, na hewa hiyo inataka pa kupitia. Vijana wa bodaboda wanajua dumu linavyovimba njiani kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Kaka, simama, legeza kifuniko taratibu, uso ukiwa pembeni.

Nasikia mtu pale anasema mama ndiye wa kulaumiwa. Si kweli! Mama anauza kata kwa kata, pipa zuri ni ghali kwake, na sisi tunaokaa hapa kila jioni hatujawahi kumuuliza anapikia nini. Tukichanga wote tuliopo, pipa jipya linapatikana kabla hajapika tena. Mimi natoa. Mangi, wewe unatoa ngapi?