Sifa za Harufu ya Ndakala

Washairi wa pwani wamekwisha kusifu asumini, karafuu na udi, na hakuna anayewalaumu. Mimi nimebaki na harufu isiyo na mshairi. Naisifu harufu ya ndakala wakavu wa Baraka, kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, wale ambao Kigoma wanaitwa dagaa, inapotoka kwenye mfuko wa mwanafunzi anayerudi chuoni baada ya vakansi. Najua wapo watakaoziba pua kabla ya kumaliza aya hii. Wazibe tu. Harufu hii haijawahi kubisha hodi.

Tuanze na ukoo wake, maana mwenye kusifiwa huulizwa kwao wapi. Kwao ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Wataalamu wanasema ndakala ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote wawili ni wa ukoo wa samaki wa baharini waliozoea maji baridi zamani sana. Kwa hiyo unapomwona ndakala kwenye meza ya soko la Baraka, amelala juu ya wenzake elfu, jua kwamba uko mbele ya msomi wa kwanza wa eneo hili aliyeondoka kwao na kufaulu ugenini.

Sitanii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji waliwachukua ndakala wa Tanganyika wakawapeleka Ziwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa namna hiyo. Walikwenda wa aina zote mbili. Stolothrissa akashindwa, kama watoto wengi wa Fizi wanaofika Bukavu na kukutana na baridi. Limnothrissa akashika masomo, akaongezeka, akapewa jina jipya, na leo mtu wa Bukavu atakuambia kwa kujigamba kwamba sambaza ni samaki wao. Miaka ya 1967 na 1968 akapata nafasi nyingine, Ziwa Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe, ambako wanamwita kapenta. Huko hakutosheka. Alipita ndani ya mitambo ya umeme ya bwawa, akashuka na mto Zambezi, akajitokeza hai Cahora Bassa, Msumbiji. Maziwa mapya matatu, majina mapya mawili, na hakuna konsula aliyemwomba barua ya mwaliko wala taarifa ya benki. Ningekuwa rekta wa chuo ningemtundikia picha ukutani.

Sasa fadhila zake, na ya kwanza ni malipo. Mtoto wa Baraka anayesoma Uvira, Bujumbura au Lubumbashi huulizwa na wenzake baba yake anafanya kazi gani. Swali hilo halina maana. Waulize mama anauza nini. Kule kwetu minervali, yaani karo, hutoka usiku, pale mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti inaposimama katikati ya giza na taa zake, ndakala wakafuata mwanga, na wavu ukainuliwa kutoka chini. Asubuhi wanawake wanangoja ufukweni na mabeseni. Wananunua wabichi, wanaanika, wanageuza, wanapepeta mchanga, wanafunga magunia, wanapakia kwenye lori la kupanda Fizi au la kwenda machimbo ya dhahabu ya Misisi. Mwisho wa safari hiyo ndefu kuna karatasi ya benki yenye muhuri, na mwanafunzi anaruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Ukiinusa karatasi ile kwa makini, utakubaliana na mimi.

Ila samaki wetu ana kalenda yake. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, taa za mtumbwi hazina kazi, na wavuvi wanalala nyumbani kwa siku kadhaa. Wahasibu wa vyuo hawajui jambo hili. Wao wanapanga tarehe ya mwisho ya kulipa kwa kuangalia kalenda ya ukutani, na mara nyingi tarehe hiyo inaangukia mbalamwezi. Nimewaona vijana wamesimama nje ya mlango wa jumba la mitihani, wanaangalia juu, na mpita njia akidhani wanasali. Walikuwa wanaulaumu mwezi.

Fadhila ya pili ni ukweli. Barua ya kuomba kazi inaweza kudanganya, viatu vya kuazima vinadanganya kila siku, hata lafudhi mtu huibadilisha baada ya miezi miwili ya mji mkubwa. Kuna mvulana wa Ubwari, huko huko Fizi, nilimfahamu chuoni ambaye kwa mwaka mzima alisema amezaliwa Kinshasa, akasukuma Kifaransa chake puani mpaka tukaamini. Vakansi ya Noeli ikaisha, akarudi, akafungua sanduku mbele ya watu. Kinshasa ikaisha hapo hapo. Na ni harufu hiyo hiyo iliyomkomboa, maana kabla ya usiku watoto wa Fizi watano waliokuwa wanakaa mtaa ule, ambao hakuwahi kuwasalimu, walikuwa wamekaa kitandani kwake na sahani zao. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua mtu, hakuna ofisi ya wageni inayofanya kazi haraka namna hiyo.

Hapa lazima nitofautishe misimu, kwa sababu wapo wanaozungumza juu ya harufu hii kana kwamba ni moja. Ndakala wa Julai na Agosti, vakansi kubwa, jua likiwa kali na upepo wa ziwa mkavu, anaanikwa asubuhi na kufikia jioni amekauka mpaka analia mkononi. Harufu yake ni ya heshima, inakaa kwenye mfuko wake, mtu anaweza kupanda naye gari dogo na asichukiwe mpaka Mboko. Ndakala wa Desemba ni kiumbe kingine. Mvua inanyesha saa nane, anafunikwa shiti, anafunuliwa, mvua inarudi, anaingizwa nyumbani, anachumbiwa na inzi, na anapofungwa bado ana siri ndani yake. Huyo ndiye anayekwenda na mwanafunzi baada ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Huyo ndiye ninayemsifu zaidi. Wa Julai hajui shida. Wa Desemba amepita kwenye mengi kama mwenye kumbeba.

Tazama anavyofanya kazi njiani. Kutoka Baraka kwenda Uvira unapita Lusenda, unapita Mboko, unapita Makobola, na kila penye kamba iliyokatiza barabara pana kijana mwenye bunduki anayetaka kujua umebeba nini. Mwenye sanduku lenye kufuli atalifungua, ataeleza, atalipa. Mwenye ndakala wa Desemba hafungui kitu. Kijana anasogea, anasita, anauliza kwa mbali: "Weye uko mwanafunzi?" Harufu imekwisha kumjibu kwamba hapa hakuna pesa. Sana sana atachota mkono mmoja wa samaki kwa ajili ya jioni, na ukweli ni kwamba anahitaji kuliko sisi.

Na chuoni ni mlinzi. Vyumba vya wanafunzi huibiwa redio, simu, suruali kwenye kamba. Mwizi mwenye akili haingii penye mfuko ule. Akitoka mule atajulikana mtaa mzima. Mama bayeri, mwenye nyumba wetu, ndiye pekee aliyekuwa na neno. Alisimama mlangoni mara nyingi akasema, "Mutoto, unaficha nini mule nyumba ya watu?" Tulimpelekea bakuli, na sombe juu yake. Hakuuliza tena, ila kila Januari alikuwa anapita kutujulia hali mapema kuliko wapangaji wengine.

Kuna watakaosema kwamba harufu hii haina mchango kwa elimu ya juu ya dunia. Hao wavuke ziwa.

Upande wa pili, kaskazini ya Kigoma, ndipo penye Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Miaka kumi na zaidi baadaye walikuwa wanafika pale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Maisha yao yalikuwa kufuata sokwe mlimani kutwa nzima na daftari, kuandika amekula nini, amemchambua nani chawa, amemkasirikia nani. Chini yao, kwenye kokoto za ufukwe, wavuvi walikuwa wanaanika dagaa. Usiku wa 19 Mei 1975 wakaja watu wenye silaha wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila kilichokuwa na ngome yake katika milima ya Fizi, wakachukua wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakawavusha hadi upande wetu. Mmoja, Barbara Smuts, aliachiliwa baada ya siku chache ili apeleke madai. Wa mwisho alitoka mwezi wa saba. Wote wanne walirudi kwao hai, na hilo nalisema bila mzaha. Smuts alikwenda kuwachunguza nyani Kenya na akaja kuwa profesa Michigan.

Gombe ikabaki bila wanafunzi wa kigeni. Dunia ikadhani daftari limefungwa. Halikufungwa, kwa sababu wasaidizi Watanzania, watu wa vijiji vya ziwa, waliendelea kupanda mlima kila asubuhi na kuandika kila walichokiona. Tasnifu ngapi za Ulaya na Marekani zimejengwa juu ya kurasa zile siwezi kuhesabu, lakini waandishi wake nawajua kwa chakula chao. Kurasa zile ziliandikwa na mikono inayonuka dagaa. Sijaona tasnifu hata moja iliyoshukuru harufu hiyo katika ukurasa wa shukrani, ambapo hushukuriwa mpaka paka wa nyumbani.

Marekani yenyewe nimeletewa habari zake na mpwa wangu. Wazazi wake walikimbia Fizi mwaka 1996, wakafikia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na yeye akazaliwa kambini. Leo anasoma shahada ya pili Marekani, katika mji wenye theluji hadi magotini. Siku zake, anasema, ni kungoja basi, kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kulala maktabani, na kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye friji ya jiko la pamoja: tafadhali usipike vitu vyenye harufu kali. Karatasi haikutaja jina lake. Ilibandikwa siku moja baada ya yeye kukaanga.

Mama yake humtumia ndakala kwa mtu anayesafiri, wamefungwa tabaka tatu za plastiki, na tabaka zote tatu hazisaidii. Alikuwa akiwatunza chini ya kitanda, akisubiri. Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani wana sikukuu yao ya Shukrani, na jumba la wanafunzi huwa tupu kabisa. Kila mtu anakwenda kula bata mzinga kwa mama yake. Mpwa wangu hana pa kwenda. Akafungua madirisha, baridi ikaingia, akavaa koti, akafunika king'ora cha moshi kwa kofia ya kuogea, akaweka mawese, nyanya, kitunguu, akamimina ndakala. Akasonga bukari.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "mlango ukagongwa. Nikajua nimefukuzwa."

Alikuwa mwanafunzi wa Ufilipino kutoka ghorofa ya juu, ambaye naye hakuwa na mama wa kumwendea. Kwao pia hukausha samaki juani. Alikuwa amefuata harufu ngazi mbili, na mkononi alikuja na sufuria ya wali. Wakala mpaka saa nne ya usiku, baadaye wakaja Mghana na Mnepali, na karatasi ya friji ikatumika kufutia meza. Tangu hapo mpwa wangu ana marafiki watatu katika mji ambao kwa miezi mitatu alikuwa anasalimiana na dereva wa basi tu.

Sikatai kwamba harufu hii ina adabu mbaya. Inakaa kwenye koti mpaka Machi. Imevunja angalau posa moja ninayoijua, ingawa kwa jinsi nilivyomfahamu bwana harusi, ilimfaa binti. Inaingia kwenye daftari, na mwalimu mmoja alimrudishia mwenzangu kazi yake ikiwa imeshikwa kwa ncha za vidole viwili, na alama nzuri. Lakini watu wanaoisema ni wale wale wanaokuja Oktoba, mfuko wa nyumbani ukiwa umekwisha, kuuliza kwa sauti ya chini kama hakuna hata kidogo kilichobaki.

Nawaomba basi wahasibu wa vyuo vyote vinavyopokea watoto wa Fizi na Baraka: mkipanga tarehe ya mwisho ya kulipa, iwekeni wiki mbili na nusu baada ya mwezi mpevu. Wavuvi watakuwa wamevua, akina mama watakuwa wameanika na kuuza, na pesa zitafika zote. Zikinuka, zihesabuni hivyo hivyo.